Jinsi ya Kuwafundisha Watoto wa Wamarekani Weusi Nguzo Saba za Kwanzaa

Ikikaribia Desemba, Mswahili anayeishi Marekani huenda akaombwa na kanisa, maktaba au kituo cha jamii cha Wamarekani Weusi aje awaeleze watoto maana ya maneno saba, yaani nguzo za Kwanzaa, sikukuu yao ya mwisho wa mwaka: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Wengi wetu huitikia upesi, tukidhani kwamba kukijua Kiswahili kunatosha. Hakutoshi, kwa kuwa maneno hayo yameishi huko zaidi ya nusu karne na yamejipatia historia yake, na mgeni asiyeijua historia hiyo huishia kuwasahihisha wenyeji wake badala ya kuwafundisha.

Basi anza kwa kujiandaa. Kwanzaa ilianzishwa na Maulana Karenga, msomi na mwanaharakati Mmarekani Mweusi, mjini Los Angeles mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts ambamo watu 34 walipoteza maisha, na huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, kila siku ikiwa na nguzo yake. Jina lake limetokana na maneno "matunda ya kwanza", likaongezewa herufi moja mwishoni. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu ni lugha ya Kiafrika isiyo mali ya kabila moja. Tena ilikuwa miaka ambayo neno ujamaa, ambalo Mwalimu Nyerere alikuwa amelifafanua kwa maandishi tangu 1962, lilisikika mbali sana na Dar es Salaam. Jifunze pia fikra ambayo Molefi Kete Asante, msomi Mmarekani Mweusi, aliipa jina la "Afrocentricity" na umbo katika kitabu chake cha mwaka 1980, kwamba Mwafrika asomwe kama mtendaji ndani ya historia yake mwenyewe, wala si kama kitu kilichotendwa na wengine. Fikra hiyo ndiyo itakayoliongoza somo lako lote, na uzuri ni kwamba sarufi ya Kiswahili inaweza kuifundisha kuliko hotuba yoyote.

Ukiwa na saa moja tu, usijaribu kuzigawa dakika sawasawa kwa nguzo zote saba. Tumia nusu ya muda kwenye kujichagulia. Liandike ubaoni, kisha ulikate vipande mbele yao: chagua, chagulia, jichagulia. Waeleze kwamba kipande kidogo "ji" humrudisha mtendaji kwake mwenyewe. Kisha andika sentensi mbili, moja chini ya nyingine: "Nilichaguliwa jina" na "Nimejichagulia jina". Katika ya kwanza kuna mtu mwingine aliyefanya kazi ya kuchagua, na hata hatajwi. Katika ya pili, mwenye jina ndiye aliyechagua. Waache watoto wazitamke kwa sauti mpaka wauhisi mdomoni mwao umbali uliopo kati ya hizo mbili.

Hapo wape kisa cha Isabella, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la New York. Mwaka 1826 aliondoka kwa bwana wake kabla ya mapambazuko, amembeba binti yake mchanga. Baadaye alikwenda mahakamani kumdai mwanawe aliyekuwa ameuzwa hadi Alabama kinyume cha sheria, akamrudisha mwaka 1828. Ilipofika 1843 akajipa jina jipya, Sojourner Truth, yaani msafiri aletaye ukweli. Simulia kisa hiki kwa vitenzi vya kutenda: aliondoka, alimbeba, alidai, alijiita. Mtoto akisikia vitenzi hivyo vikifuatana, hahitaji kuambiwa nani mtendaji.

Kwa sababu hiyohiyo, uwe mwangalifu na neno mtumwa. Tunalitumia kila siku bila kulitazama, ilhali ndani yake mna kitenzi tuma katika hali ya kutendwa. Ukisema "watumwa waliletwa Marekani", umemwonyesha mtoto kana kwamba babu zake walizaliwa wakiwa hivyo. Sema kwamba watu walitekwa, wakafanywa watumwa, na ukiweza taja kazi walizozijua kabla ya kutekwa: walikuwa wakulima wa mpunga, wahunzi, wafumaji, wakunga.

Usiwaambie watoto kwamba mababu zao walizungumza Kiswahili, hata kama ungependa iwe hivyo. Wengi waliovushwa kwenda Amerika Kaskazini walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola. Kiswahili ni lugha waliyoichagua wazee wao, na kuchaguliwa ni heshima kubwa vya kutosha. Hata hivyo, undugu wa lugha upo, nao unaweza kuonyeshwa. Lete bakuli la karanga na uwape watoto wale huku ukiwaeleza kwamba Wagullah, jamii ya Wamarekani Weusi wa pwani ya South Carolina na Georgia, huziita "guba", neno linalofanana na "nguba" la Kikongo, lugha ya Kibantu kama Kiswahili. Lorenzo Dow Turner, msomi Mmarekani Mweusi, alikusanya maelfu ya maneno na majina ya namna hiyo kutoka kwa Wagullah na kuyachapisha mwaka 1949, wakati ambapo wasomi wengi walidai kwamba hakuna chochote cha Afrika kilichosalia katika vinywa vyao.

Kuhusu matamshi na matumizi, kuwa mpole. Utasikia gunzi la mahindi linalowekwa mezani wakati wa Kwanzaa likiitwa "muhindi", na utasikia salamu "Habari gani?" ikijibiwa kwa jina la nguzo ya siku, si kwa "nzuri". Usicheke, wala usikatize ibada ya watu. Akikuuliza mtu pembeni, mweleze jinsi tunavyosema sisi, basi.

Kuna swali moja ambalo huenda litakufikia, kwa kawaida kutoka kwa mtoto mkimya aliyeketi nyuma: je, watu wa kwenu nao waliuza watu? Jibu ndiyo. Waeleze juu ya misafara iliyotoka bara hadi pwani, juu ya Tippu Tip, mfanyabiashara aliyezaliwa Unguja na kujitajirisha kwa kuuza pembe za ndovu na watu, na juu ya soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873, mahali ambapo leo pamesimama kanisa kuu la Kianglikana. Jibu la kukwepa litayabomoa yote uliyoyajenga asubuhi hiyo, maana umewafundisha kwamba Mwafrika ni mtendaji, na mtendaji hutenda mema na mabaya.

Nguzo zilizobaki, nia na imani kwa mfano, zieleze kwa sentensi mbili tatu. Kabla hamjaagana, mpe kila mtoto karatasi yenye sentensi isiyokamilika: "Bibi yangu alijichagulia…" Aende nayo nyumbani akamuulize bibi au babu. Mamilioni ya Wamarekani Weusi walihama Kusini kwa hiari yao kati ya miaka ya 1910 na 1970, hivyo karatasi nyingi zitarudi zikiwa na majina ya miji: kuhamia Chicago, kuhamia Detroit, kuhamia Oakland. Zibandike ukutani zote, na zisome kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, siku ya pili ya Kwanzaa, ambayo ndiyo siku ya kujichagulia.