Somo: Kumsaidia Mzazi Anayepoteza Kumbukumbu Kudai Mafao ya Ulemavu

Ulemavu hauishii kwenye viungo vinavyoonekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unawahesabu pia wenye upungufu wa muda mrefu wa kiakili. Ugumu wa madai haya ni kwamba afisa humwona mzee aliyevaa vizuri, anayesalimia na kutabasamu, naye hulazimika kuamua kwa kutegemea maandishi. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuandika yale ambayo mzazi hawezi tena kuyafanya bila msaada, kwa sababu jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

Hatua ya kwanza ni uchunguzi wa daktari. Usikubali kuambiwa kwamba ni uzee tu. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, sonona na baadhi ya dawa vinaweza kuvuruga kumbukumbu, na mengi kati ya hayo yana tiba. Kulijua hilo mapema kuna thamani kuliko posho yoyote. Omba ripoti inayotaja ugonjwa, wakati dalili zilipoanza, na kama hali inatarajiwa kuendelea.

Hatua ya pili ni mamlaka ya kumsemea. Mzazi akiwa bado anaelewa anachokitia saini, muulize kama yuko tayari kukuandikia hati ya kisheria ya kumwakilisha, kwani uelewa huo ukishapotea mara nyingi njia inayobaki ni mahakama, nayo huchukua muda. Msomee fomu, umsikilize. Madai haya ni yake. Tarehe ya kuwasilisha nayo ina uzito, kwa kuwa katika mifumo mingi malipo huhesabiwa tangu siku ya maombi na si tangu siku ugonjwa ulipoanza.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa madai yote, ni daftari la kila siku. Wapimaji, yaani wanaotathmini madai, huangalia shughuli za msingi kama kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni na kuinuka kitandani, kisha zile zinazohitaji mpangilio wa mawazo, kama kupika, kutumia simu, kumeza dawa kwa wakati na kutunza fedha. Andika tarehe, tukio, na msaada uliotolewa. Badala ya kuandika “Baba anasahau sana”, andika kwamba aliacha jiko likiwaka, mtu mwingine akalizima, na alipoulizwa hakukumbuka kuliwasha. Familia nyingi hukosea hapa kwa kudhani kwamba msaada ni kumshika mkono tu. Kumkumbusha mama kuoga, kusimama mlangoni ukimwelekeza nguo ya kutangulia, kuhesabu vidonge vyake na kuamka usiku kumrudisha kitandani ni msaada, na usipouandika, mpimaji hana namna ya kuujua. Eleza pia siku nzuri na mbaya, na zipi ni nyingi zaidi. Usiongeze chumvi: taarifa moja ya uongo huzitia shaka zile za kweli.

Hatua ya nne ni mahojiano. Mzazi atajikaza mbele ya mgeni, atasema kwamba anapika na kwenda sokoni mwenyewe, na huenda anaamini hivyo kwa dhati. Usimkane mbele ya watu, kwa maana heshima yake ni kubwa kuliko fomu. Omba kuzungumza na mpimaji faraghani, au umkabidhi maelezo yako kwa maandishi. Baki na nakala ya kila karatasi, na maombi yakikataliwa, soma sababu iliyotolewa na ukate rufaa kabla muda haujapita.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mama anakataa katakata kwamba anaumwa, na nikitaja ulemavu ananiambia namwita kichaa. Nifanyeje?*

Jibu: Ugonjwa wenyewe unaweza kumwondolea mtu uwezo wa kuutambua, kwa hiyo kubishana naye hakutasaidia. Ongea naye juu ya jambo analolikubali, kwa mfano kwamba miguu inachoka au dawa zimekuwa nyingi, na umweleze kwamba unaomba msaada wa hayo.

*Swali: Baba alikuwa mwalimu, na katika kipimo cha kumbukumbu amepata alama za kuridhisha, lakini nyumbani hajiwezi. Je, madai yamekwisha?*

Jibu: Hayajaisha. Elimu huathiri alama hizo. Kipimo cha MoCA chenye alama 30, kwa mfano, humwongezea alama moja mtu aliyesoma miaka 12 au pungufu. Msomi anaweza kupata alama nzuri huku maisha ya kila siku yakimshinda. Peleka daftari lako kwa daktari na umwombe aeleze tofauti hiyo katika ripoti.

*Swali: Tuko ndugu wanne. Fedha zikianza kuingia, azipokee nani?*

Jibu: Azipokee yule aliyeidhinishwa na ofisi inayolipa, katika akaunti isiyochanganywa na fedha zake binafsi, naye atunze risiti ambazo ninyi wengine mnaweza kuziona wakati wowote. Muamue hilo kabla ya malipo ya kwanza, mzazi akiwepo.