Kupiga kayaki siku moja mwambao wa Mahale, panga hivi

Wengi wakipanga safari ya kayaki wanaanza na kilomita. Ziwa Tanganyika anza na upepo, kilomita utazijua baadaye.

1. Kibali. Mahale ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na mpaka wake unaingia ziwani kama kilomita 1.6, kwaiyo ukifuata ufukwe tayari uko ndani ya hifadhi. Lipia, uliza askari wa hifadhi unaruhusiwa kushuka wapi, alafu muachie mtu karatasi: mnaelekea wapi, mko wangapi, kayaki rangi gani, saa ngapi msipoonekana aanze kuwatafuta. Simu usiitegemee kabisa.

2. Upepo. Kiangazi, mwezi wa 5 mpaka wa 9 hivi, kusi inatawala, na asubuhi unaweza kukuta maji yametulia mpaka unahesabu mawe chini alafu mchana ziwa linachafuka, mawimbi mafupi yanafuatana hayakupi nafasi ya kupumua. Basi asubuhi nenda kusini, mchana rudi kaskazini upepo ukiwa mgongoni. Ila waulize kwanza wenyeji wanaoshinda ziwani, wao wanaijua leo itakuwaje.

3. Saa. Kule ni magharibi kabisa mwa nchi, jua linachelewa, mwezi wa 6 linachomoza kama saa 1. Ingia majini saa 1 na nusu, geuza saa 3 na nusu hata kama ulipopataka bado unapaona mbele. Mi napiga hesabu ya kilomita 4 kwa saa, kwaiyo ni kama 8 kwenda, 8 kurudi.

4. Njia. Kaa karibu na ufukwe, ziwa hili lina kina mpaka mita 1,470 na huko nje hakuna pa kujishika. Isipokuwa kwenye midomo ya mito na matete, hapo zunguka kwa mbali sababu ya viboko na mamba, na gonga ubavu wa kayaki kwa kasia kiboko ajue unakuja asiibukie chini yako.

5. Vitu. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie. Kasia la akiba, filimbi, kopo la kukumbia maji, maji ya kunywa lita 3, kofia.

6. Sokwe. Wakitokea ufukweni baki majini, waangalie ukiwa hapohapo. Maganda ya ndizi rudi nayo. Na ukiwa na mafua ahirisha safari tafadhali, magonjwa yetu ya kifua yanawaua.