Jinsi ya Kuigiza Macbeth na Kikundi cha Mtaani: Mfalme Katili Hujengwa na Wanaomwogopa

Tulipoamua kuigiza Macbeth, mchezo wa Mwingereza William Shakespeare, kikundi chetu hapa Temeke kilikuwa na watu 13, ukumbi wa kuazima wenye viti vya plastiki, na taa mbili. Tulizoea michezo mifupi ya kuelimisha jamii, ile ya dakika 20 kuhusu malaria au mirathi, inayochezwa uwanjani watu wakiwa wamesimama. Mchezo mrefu wa huzuni, wenye mfalme anayeua mgeni wake, rafiki yake, kisha watoto wa watu, ulikuwa jambo geni kwetu. Tangu hapo nimeuongoza mara mbili zaidi. Ninayoandika hapa ni yale ambayo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia kabla ya zoezi la kwanza.

La kwanza kabisa, na hatua zote zinalitegemea: usimtafute mfalme katili ndani ya mwigizaji mmoja. Ukatili wake utauona kwa mtumishi anayesita mlangoni, kwa mgeni anayeacha tonge hewani mfalme anapoinua kichwa. Usipowafundisha hao, hata ukimpata mwigizaji bora wa mkoa mzima atabaki mtu anayepiga kelele peke yake.

Hatua ya 1: Maneno na ruhusa

Shakespeare aliandika mchezo huu karibu na mwaka 1606, na ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1623, miaka 7 baada ya kifo chake. Kazi yake mwenyewe haina tena hakimiliki. Tafsiri ni habari nyingine. Ile ya Samuel Mushi, Makbeth, ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968, na tafsiri ina haki zake. Ukitaka kuitumia, omba kwa maandishi kwanza, usisubiri kuulizwa. Sisi tulitafsiri wenyewe kutoka Kiingereza: mwalimu mmoja wa sekondari aliandika, waigizaji wakasoma kwa sauti, na kila sentensi iliyokwama mdomoni ikarudishwa kwake. Ilituchukua miezi miwili, na sijutii hata siku moja.

Kwa Tanzania, hakikisha kikundi kimesajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, mpelekee barua afisa utamaduni wa manispaa yako, na waarifu serikali ya mtaa. Fanya hivyo kabla ya kutangaza tarehe.

Hatua ya 2: Iache Uskoti palepale

Kila kikundi hushawishika kumfanya Macbeth kiongozi wa nchi fulani ya leo. Nakuomba usifanye hivyo. Ukifanya hivyo, watazamaji watatumia jioni nzima kukisia anasemwa nani, na mtu mwenyewe, Macbeth, hawatamwona. Waambie ni Uskoti, zamani, penye baridi na ukungu. Watafika wenyewe. Maleba yetu yalikuwa mablanketi ya kijivu yaliyofungwa begani juu ya shati la marikani, na hakuna aliyeuliza hiyo ni wapi.

Macbeth wa historia alitawala kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan, mfalme aliyemtangulia, alikufa vitani. Shakespeare akamleta Duncan chumbani, amelala, chini ya paa la mtu aliyempokea. Simulia jambo hili kwa waigizaji siku ya kwanza. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni amekuja na mwenyeji amemchinja usingizini. Sikuhitaji kueleza zaidi, mama mmoja wa kikundi alishika mdomo.

Hatua ya 3: Kata kwa uangalifu

Huu ndio mfupi kuliko michezo yote ya huzuni ya Shakespeare, kwa hiyo hauhitaji kukatwa sana. Hekate, malkia wa wachawi, aondoke. Wataalamu wengi wanaamini sehemu zake ziliongezwa na Thomas Middleton, na mchezo unatembea vizuri bila yeye. Mazungumzo marefu kule Uingereza, Malcolm, mwana wa Duncan, anapompima Macduff, mkuu aliyemkimbia Macbeth, yapunguze hadi nusu. Lakini pale Macduff anapoambiwa mkewe na watoto wake wameuawa, usiguse hata neno. Anauliza, anajibiwa, anauliza tena lilelile. Waongozaji wengi huona ni marudio na kukata. Mtu aliyefiwa huuliza hivyohivyo.

Usimkate pia bawabu mlevi anayefungua lango mara baada ya Duncan kuuawa. Watazamaji wanahitaji pumzi hapo.

Hatua ya 4: Gawa nafasi

Watu 12 wanatosha. Anayecheza Duncan anamaliza mapema, basi arudi kama daktari anayemtazama Bibi Macbeth, mke wa Macbeth, akitembea usingizini. Anayecheza mke wa Macduff arudi katika onyesho hilohilo kama mtumishi wa malkia. Inagusa sana kuona uso wa mwanamke aliyeuawa ukiwa umesimama pembeni ya mke wa muuaji, bila kusema kitu. Anayecheza Banquo, yule rafiki anayeuawa, usimpe kazi nyingine hadi wachawi wamalize kumwonyesha Macbeth ule mstari wa wafalme, maana anatokea tena pale.

Mtoto wa Macduff achezwe na mtoto wa kweli, umri wa miaka 10 au 11. Kaa na wazazi wake, waeleze onyesho zima kabla hajajifunza neno lolote, na mazoezi yake yaishe kabla ya magharibi. Kuuawa kwake tulikufanya kama mchezo wa kuhesabu: moja, mtu anakushika bega, mbili, unageuka, tatu, unalala. Alikuwa anacheka kila tukimaliza, na ndivyo nilivyotaka.

Hatua ya 5: Wachawi

Hapa nitasema kwa nguvu kidogo. Usiwafanye wachawi kuwa vikongwe wenye macho mekundu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, hasa Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe. Katika ukumbi wako kunaweza kuwa na mtu aliyempoteza bibi yake hivyo. Jukwaa halina ruhusa ya kuuongezea nguvu uongo ule.

Na mchezo wenyewe hauhitaji. Banquo anawaambia wana ndevu. Neno wanalojiita kwa Kiingereza, weird, lilikuwa na maana ya majaaliwa. Tumia vijana watatu, wake kwa waume, waliofunikwa kaniki kuanzia kichwani, wakisema kwa sauti za kawaida kama watu wanaopeana saa. Wanamtajia Macbeth atakachokuwa. Hakuna mahali wanapomwambia aue. Hilo ni lake. Mwigizaji wako wa Macbeth asipolielewa hili, atajificha nyuma ya uchawi mchezo mzima.

Hatua ya 6: Jenga hofu

Tenga wiki mbili nzima kwa hatua hii. Anza bila maneno. Watu wote wakae wakizungumza kama kibarazani jioni. Macbeth aingie, apite, atoke. Mara ya kwanza waendelee kuongea. Mara ya pili washushe sauti. Mara ya tatu wanyamaze na kila mtu atafute kitu cha kushika: kikombe, upindo wa blanketi, ufunguo. Macbeth asifanye chochote tofauti katika mara zote tatu. Mwulize mwishoni alijisikiaje. Wangu alisema mara ya tatu aliona amerefuka.

Kisha pitia mauaji kwa mpangilio wake. Macbeth anamuua Duncan kwa mkono wake mwenyewe, na anatoka akitetemeka, bado ameshika majambia aliyopaswa kuyaacha chumbani. Banquo anauawa na watu wa kukodi, na Macbeth anawashawishi kwa maneno mengi, kana kwamba anajishawishi mwenyewe. Mke na watoto wa Macduff wanakwenda kwa amri ya sentensi chache, naye hayupo. Mwili wa mwigizaji ufuate njia hiyo: kadiri waliokufa wanavyoongezeka, yeye anazidi kutulia. Mikono inayotetemeka mwanzoni ilale juu ya magoti katikati ya mchezo. Ule utulivu ndio unaotisha.

Kelele azihifadhi kwa sehemu ya 5, ya mwisho. Anaingia mtumishi kijana na habari za askari 10,000 wa Kiingereza, uso umempauka, na Macbeth anamtukana kabla hajamaliza sentensi. Mfalme wangu wa kwanza alikuwa amepiga kelele tangu mwanzo, na tulipofika hapo hakuwa na pa kupandia, koo lenyewe limekauka. Mara ya pili tulibadilisha kazi: nilitumia jioni mbili na yule mtumishi tu. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Nikamwambia akumbuke siku alipoharibu kitambaa cha mteja na kumwona mteja anakuja. Aliingia mbio, akasimama hatua tatu kabla ya pale nilipomwekea alama, akameza mate, mkono mmoja ukishika mfuko wa suruali kwa nyuma. Ukumbi ukanyamaza kabla Macbeth hajafungua mdomo. Halafu kelele ilipotoka, kila mtu alisikia ndani yake mtu anayekimbiwa.

Hatua ya 7: Karamu

Onyesho la karamu ndilo litakaloamua kama kazi yako imefaulu. Roho ya Banquo inakuja kukaa kwenye nafasi ya Macbeth mezani. Mara ya kwanza tulimpaka Banquo unga wa ngano uso mzima. Alipotokea, ukumbi uliangua kicheko, na haukurudi tena hadi mwisho. Sikuwalaumu watu; walikuwa wameona unga.

Fanya hivi. Kiti kimoja kibaki wazi, watazamaji wakione tangu mwanzo. Wakati Macbeth anaongea pembeni na muuaji aliyekuja kutoa taarifa, Banquo aingie taratibu, kwa nguo zake zilezile, akae, aangalie mbele. Hakuna unga wala ngoma. Wageni wasimtazame hata kwa bahati mbaya. Hili lifanyie mazoezi mpaka macho yao yampite kama hewa. Macbeth ageuke, aambiwe akae, na yeye aone meza imejaa. Subiri. Hesabu hadi 4.

Sasa kazi ni ya wageni. Mpe kila mmoja wao jambo moja dogo: huyu anaendelea kutafuna polepole, yule anamtazama mkewe, mwingine anavuta sahani yake karibu. Mfalme anasema na kiti kitupu, na wao wanajua wameona kitu ambacho kukiona ni hatari. Wanapotoka, watoke wakisukumana kimyakimya. Baada ya hapo hutahitaji kumweleza mtu yeyote kwa nini Macduff alikimbia.

Hatua ya 8: Usiku na damu

Karibu mchezo wote unatokea usiku, lakini katika ukumbi wa Globe kule London ulikuwa ukichezwa alasiri, juani. Giza lilitengenezwa kwa maneno na mienge. Kwa hiyo umeme ukikatika usisimamishe onyesho. Weka karabai mbili tayari nyuma ya pazia. Bibi Macbeth anapotembea usingizini mpe kibatari, hata kama umeme upo. Mtumishi wake anasema wazi kwamba malkia ameagiza mwanga usimtoke karibu. Kibatari kwenye mkono unaotikisika hufanya kivuli kitembee ukutani. Weka ndoo ya mchanga karibu, na nywele azifunge.

Damu: chemsha sukari na maji hadi iwe nzito, tia rangi nyekundu ya chakula na kijiko cha kakao ili isiwe ya pinki. Jaribu kwenye kipande cha nguo kwanza. Iwepo mikononi tu, na kidogo.

Hatua ya 9: Mapanga na kichwa

Silaha ziwe za mbao, ncha zimepigwa msasa hadi ziwe duara. Mapigano yafundishwe kwa hesabu, polepole, na yarudiwe kila siku ya onyesho kabla watu hawajaingia. Matawi ya msitu wa Birnam, ambayo askari wa Malcolm hujificha nyuma yake, yakatwe asubuhi ileile. Sisi tulitumia mwarobaini, na ya jana yake huwa yamenyauka.

Mwishoni Macduff anarudi na kichwa cha mfalme. Usikichonge, na usitumie mpira. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5, na mtu aliyebeba mpira anajulikana kuanzia begani. Jaza mchanga kwenye mfuko, uvingirishe kwa kaniki, uloweshe kidogo upande wa chini. Macduff aubebe kwa mkono mmoja, auweke chini mbele ya Malcolm, na anyooshe vidole vilivyokakamaa. Wale wageni wa karamu wawe wamesimama pale. Malcolm anapotangazwa mfalme, waanze kushangilia kwa kuchelewa kidogo, wakimtazama kwanza uso.

Kabla hamjaondoka ukumbini, hesabu mapanga yote, na uzime vibatari kwa mkono wako mwenyewe.