Nyumbani hawataki uende JKT? Yamalize kabla ya usaili

Usitoroke. Maombi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa kujitolea huanzia wilaya unayoishi, na vyeti vyako huenda viko kabatini kwa mama. Anayevichukua kwa siri hukwama mara nyingi kwenye jina: cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, na wa kumsaidia kurekebisha ni mzazi yuleyule aliyemkwepa. Vilinganishe herufi kwa herufi mapema.

Halafu tafuta kila mtu anapinga nini hasa. Mama akisema utakufa, pengine anakumbuka Desemba 2017, walinda amani wetu wa Tanzania walipouawa mashariki mwa Congo. Usimwambie hakuna hatari. Mweleze kwamba kujitolea ni miaka miwili ya ukakamavu, kilimo na stadi za kazi, na kwamba anayepelekwa Congo ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), aliyeandikishwa na kufunzwa upya. Kama lengo lako ni JWTZ, mwambie leo. Akiligundua baadaye hatakuamini tena.

Hoja ya baba, kwamba JKT si ajira, ndiyo nzito, na kwa sehemu kubwa ana haki. JKT hutangaza wazi kwamba halitoi ajira wala halimtafutii kijana ajira. JWTZ kwa kawaida hudai cheti cha JKT kwa wanaoandikishwa, lakini cheti hicho hakikuhakikishii nafasi. Kwa hiyo nenda kwake na karatasi: fani utakayojifunza kambini, na utafanya nini miaka miwili ikiisha bila kuitwa JWTZ. Bila jibu hilo, hujawa tayari. Ukikwama, mtume mjomba, au askari mstaafu wa mtaani anayeheshimika. Marafiki wanaokucheka hawahitaji kikao.

Wakikubali, hatari hugeuka: ndugu wanataka kuuza mbuzi wamlipe "mtu wa ndani". Kataa kabisa, huyo ni tapeli. Fedha hiyo iwe nauli na vifaa vinavyotajwa kwenye tangazo, kama bukta ya bluu, fulana ya kijani, raba na shuka mbili za bluu bahari. Waulize pia kuhusu pumu au kifafa cha utotoni. Mchakamchaka wa alfajiri haufichi kitu.

Mwachie mama jina la kikosi, na umwonye kwamba wiki za mwanzo huenda usipatikane kwa simu. Asipojua hilo, ukimya huo atausoma kuwa msiba.