Kabla hujapima nguvu za mkono na kifundo kwa ajili ya mieleka ya mkono

Ukimwambia mtu apime nguvu za mkono, cha kwanza anachokimbilia ni dinamomita, kile kifaa cha kubana, anabana, anaona kilo, anawatumia washkaji picha, basi kashamaliza. Kifaa sio kibaya, ila kwa mtu wa mezani, yaani mcheza mieleka ya mkono, kinakupa habari nusu. Dinamomita unaibana kifundo kikiwa kimenyooka au kimelala nyuma kidogo, na hapo ndo vidole vina nguvu zaidi, sasa mezani we unakunja kifundo kuja ndani, na ukishakunja hivo vidole vinalegea vibaya sana (jaribu sasa hivi, kunja kifundo mpaka mwisho halafu funga ngumi kwa nguvu zote uone). Kwa hiyo namba kubwa ya kubana haikwambii kabisa kama mkono wako utafunguliwa, yaani mpinzani akunyooshe kifundo, au la.

Jambo la kwanza basi, kabla hata ya kununua kitu, amua unapima nini. Nguvu ya mkono mezani sio moja. Kuna kukunja kifundo kuja ndani, kuna kuinua kifundo kuelekea upande wa kidole gumba, ile ngumi inapanda, kuna kugeuza kiganja kiangalie chini, kuna kukigeuza kiangalie juu, halafu kuna kuvuta kurudi kifuani na kusukuma pembeni kuelekea pedi ya kulazia, pale unapolaza mkono wa mpinzani ushinde. Anayecheza kwa nje, watu wa toproli, wanaovuta vidole vya mpinzani mpaka mkono wake ufunguke, anaishi kwa kuinua kifundo, kugeuza chini na kuvuta nyuma, anayecheza ndani, anayekunja kifundo na kumvuta mpinzani karibu, anaishi kwa kukunja kifundo, baisepsi na pembeni. Chagua vitatu vinavyohusu uchezaji wako, maana ukitaka kupima vyote siku moja, ukifika cha nne mkono umeshachoka na unachopima hapo ni uchovu.

Vifaa sasa. Mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, ile ya ndoano mbili juu na chini, inatosha kabisa, ilimradi ina kitufe cha kushikilia namba ya juu isipotee. Angalia uwezo wake, vile vidogo vya kupimia mabegi vingi mwisho ni kilo 50, kwa kifundo inaweza kukutosha ila kwa kuvuta nyuma mtu mwenye mazoezi anaipita. Uifunge na mnyororo au kamba isiyovutika, sio raba, raba inafanya mkono utembee na pembe ibadilike katikati ya kipimo. Halafu uihakiki: ning'iniza sahani ya kilo 20, ongeza iwe 40, ona inasema nini, na fanya hivo kila siku ya kupima kwa sababu betri ikichoka mizani nyingine zinaanza kutunga.

Hapa kwenye mkanda, ule unaouvaa kiganjani na kuuunga na mnyororo wa mizani, ndo watu wanajidanganya zaidi kwa hiyo nitakaa kidogo. Kifundo kinazunguka, kwa hiyo nguvu yake sio kilo peke yake, ni kilo mara umbali kutoka kwenye mkunjo wa kifundo mpaka pale mkanda unapokaa. Mkanda ukikaa sentimita 8 kutoka kwenye mkunjo na mizani ikaonyesha kilo 30, halafu mwezi unaofuata ukakaa sentimita 10 na mizani ikaonyesha 24, hujapungua hata chembe, 30 mara 8 ni 240 na 24 mara 10 ni 240. Lakini bila rula utaenda nyumbani umenuna na kubadilisha programu nzima ya mazoezi. Pima umbali, andika, chora alama kwa kalamu kwenye kiganja kama inabidi. Na ukitaka kujilinganisha na mwenzako mwenye kiganja kirefu basi linganisheni hilo zao la kilo na umbali, msilinganishe kilo tupu.

Pembe nayo ni ishu. Msuli unatoa nguvu tofauti kila kiungo kikibadilika pembe, kwa hiyo kiwiko kikiwa digrii 90 leo na 110 kesho unapima vitu viwili tofauti. Weka kiwiko kwenye pedi ya kiwiko pale pale, bandika utepe mezani na sakafuni unapoweka miguu, mkono wa pili ushike kigingi cha pembeni mwa meza kama kwenye mechi, na mtu apige picha ya pembeni ili mara nyingine uirudie ile ile. Binafsi napenda kupima kifundo mara mbili, kikiwa kimeshakunjwa na kikiwa kimenyooka, maana wengine wako vizuri kikiwa kimekunjwa ila wakisukumwa mpaka kikanyooka hakirudi tena, na hilo mpinzani wako ataligundua kabla yako.

Usalama usiuruke. Usimtumie mtu kama kipimo, eti mvutane uone nani mkali halafu uite hiyo data. Mfupa wa juu wa mkono unavunjika kwa kupindika mezani, na mara nyingi ni pale mtu anapogeuza bega na kifua kuelekea upande anaosukumia huku mkono umebaki nyuma. Hata kwenye mizani hiyo hatari ipo ukipima nguvu ya pembeni, kwa hiyo mkono ukae mbele ya kifua, macho yaangalie mkono, mwili uende pamoja nao. Usichomoke ghafla, kwanza ukidonoa mnyororo mizani inashika ule mshtuko na kukupa namba ya uongo, pili kano hazipendi, panda taratibu sekunde 2 au 3 kisha shikilia nyingine 3. Uso usiwe kwenye njia ya mnyororo, ukikatika unarudi kwa kasi. Kama una maumivu upande wa ndani wa kiwiko, ahirisha, hamna mjadala. Na kijana ambaye bado anakua asipime nguvu ya mwisho kabisa, pale ndani ya kiwiko kuna sehemu ya mfupa inayokua bado, ni laini kuliko kano inayoivuta na inaweza kumeguka.

Mwili nao uandae: mazoezi mazito ya mkono yawe yamepita siku mbili au tatu, umelala, na upime muda ule ule wa siku kila mara, sio leo asubuhi kesho usiku. Kama huwa unakunywa kahawa kabla basi kunywa kila mara au acha kila mara. Pasha misuli kwa majaribio mepesi, nusu ya nguvu, kisha robo tatu. Paka chaki, jasho linaiba kilo.

Halafu majaribio matatu kwa kila upande, pumzika dakika 2 hivi katikati, andika yote matatu, sio lile zuri tu. Utumie wastani au la juu, lolote, ila ukishachagua usibadilishe. Mikono yote miwili, maana mashindano mengi yana kulia na kushoto. Andika na uzito wako wa siku ile, kuna madaraja ya uzito, na anayekata maji ili aingie daraja la chini asishangae namba ikishuka.

Kitu ambacho wengi hawapimi kabisa ni kudumu. Mikono ikikwama katikati ya meza, hakuna anayesogea, anayeshinda mara nyingi ni yule ambaye kifundo chake hakijaanza kuteleza, sio aliyekuwa na kilele kikubwa. Kwa hiyo siku nyingine tofauti chukua asilimia 60 ya namba yako, shikilia ukiangalia skrini, saa itembee mpaka namba ishuke chini ya hapo. Ukinilazimisha nichague kipimo kimoja tu, nachukua hiki.

Rudia kila wiki 4 hadi 6, mapema zaidi ya hapo unapima kelele tu, kupanda na kushuka kwa kawaida kwa namba. Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano mizani ikae kabatini, muda huo peleka kwenye vitu ambavyo haivioni kabisa: kuwahi sauti ya refa anaposema anza, kukubaliana mshiko bila kupoteza kidole gumba, na kufungwa mkanda, ule refa anaowafunga mikono pamoja, pale mikono ikichomoka, maana kwenye mkanda aliyezoea kujichomoa hana tena pa kukimbilia.