Kupasua 1,155,574, namba ya Kisumu, hadi vigawo tasa

Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu. Ukiitazama namba hiyo inatisha kidogo, lakini karatasi moja na kikokotoo cha simu vinatosha kuimaliza.

Anza na 2. Namba inaishia na 4, basi ni shufwa: 1,155,574 ÷ 2 = 577,787. Hiyo ni witiri, kwa hiyo 2 imekwisha. Tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 41, ambayo haigawiki kwa 3, 3 haimo. Mwisho si 0 wala 5, basi 5 nayo haimo.

Kwa 7, kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha utoe kwenye kilichosalia. 57,778 − 14 = 57,764. Rudia: 5,776 − 8 = 5,768, halafu 576 − 16 = 560. Kwa kuwa 560 inagawika kwa 7, 577,787 pia inagawika. Usiichukue 560 kama jibu la kugawanya, hicho ni kipimo tu. Jibu ni 577,787 ÷ 7 = 82,541.

Hapa ndipo watu hupoteza saa nzima, wakijaribu kila namba tasa hadi 1,074 kwa sababu kipeuo cha pili cha namba ya mwanzo kinakaribia 1,075. Mpaka hushuka kila unapopata kigawo! Kipeuo cha pili cha 82,541 ni kama 287 tu. Jaribu 7 tena kwanza, maana kigawo kinaweza kujirudia (inabaki 4), kisha 11, 13, 17, uende hivyo hadi 53. Zote zinaacha baki. Ukitilia shaka desimali za kikokotoo, zidisha sehemu nzima ya jibu kwa kigawo ulinganishe.

59 inaingia kamili: 82,541 ÷ 59 = 1,399. Simama hapo. Kama 1,399 isingekuwa tasa, ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi 37, na hizo zote umeshazipitia. Basi:

1,155,574 = 2 × 7 × 59 × 1,399

Hakuna kigawo kilichojirudia, kwa hiyo idadi ya vigawo vyote ni 2 × 2 × 2 × 2 = 16, pamoja na 1 na namba yenyewe. Ili kupata jumla yao, ongeza 1 kwa kila kigawo tasa, kisha zidisha: 3 × 8 × 60 × 1,400 = 2,016,000. Kosa la kawaida ni kulinganisha jumla hii na namba moja kwa moja. Toa namba yenyewe kwanza: inabaki 860,426, chini ya 1,155,574. Namba ya Kisumu ni pungufu, yaani vigawo vyake vingine vikijumlishwa haviifikii.

Ya Kaunti ya Nakuru katika sensa hiyohiyo, 2,162,202, ni kinyume chake, na huhitaji kuipasua kulijua hilo. Ni shufwa, na tarakimu zake zinajumlisha 15, basi inagawika kwa 6. Nusu yake, thuluthi yake na sudusi yake peke yake zinarudisha namba nzima. Ukiongeza kigawo 1, umeshaizidi. Ukitaka kuipasua hata hivyo, utapata 2 × 3 × 7 × 51,481, na kuthibitisha kwamba 51,481 ni tasa kutakulazimu kujaribu hadi 223.