Kurekodi podikasti na wanafunzi kwa simu moja

Wiki jana nilimsaidia mwalimu mwenzangu wa Kiswahili hapa Mombasa. Alitaka wanafunzi wake wa Gredi ya 8 wafanye podikasti, yaani mahojiano ya kusikika, badala ya kuyaandika daftarini. Hivi ndivyo nilivyomwelekeza.

Hatua ya 1: Makundi na mada
Wanafunzi wanne kwa kundi, dakika tano kwa kipindi cha podikasti. Mada itoke mtaani mwao: bei ya samaki Kongowea, foleni ya feri Likoni. Ngome ya Fort Jesus pia inafaa, lakini wakianza na Wareno walioanza kuijenga 1593 watanakili kitabu. Heri wamhoji mkaazi wa Mji wa Kale anayepita hapo kila siku.

Hatua ya 2: Ruhusa
Barua kwa wazazi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi, na sauti ya mtoto usiichukulie kuwa jambo dogo.

Hatua ya 3: Hoja
Hoja tano kwenye kadi, basi. Usiwaruhusu kusoma insha. Mtoto akisoma, sauti hunyooka kama ya anayeita majina ya rejista.

Hatua ya 4: Kurekodi
Hapa nilipoteza siku nzima. Tulirekodi darasani: kuta za saruji, sakafu tupu, mabati juu. Sisi hatukusikia kasoro, lakini simu ilinasa mwangwi kwenye kila neno, kana kwamba watoto wamo ndani ya pipa. Nikakesha na Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, nikijaribu kuuondoa. Hauondoki. Kupunguza kelele kwenye programu ile hufaa kwa mvumo usiobadilika, kama wa feni. Mwangwi ni sauti ya msemaji mwenyewe iliyogonga ukuta ikarudi. Ukiukata, unakata na maneno. Ilibidi turudie vipindi vyote.

Sasa natumia stoo ya vitabu. Tundika blanketi nzito nyuma ya msemaji na nyingine mbele yake (leso ni nyepesi mno, nimejaribu). Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige, la sivyo kila "p" itapasuka. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, maana meza hupeleka kila kishindo cha vidole. Zima feni, na uzime mtandao wa simu ili asipige mtu katikati. Adhana ikianza, ngojeni iishe.

Kabla ya neno la kwanza, wote wanyamaze sekunde kumi huku simu inarekodi. Kimya hicho ndicho utakachoionyesha Audacity kama mfano wa kelele ya kuondoa. Kisha rekodi nusu dakika, usikilize, ndipo uendelee. Nje, pale ufukweni Mama Ngina kwa mfano, msemaji aupe upepo mgongo na simu ikingwe na kifua chake.

Maikrofoni sikushauri ununue sasa. Hata ya bei ghali itanasa mwangwi uleule.

Hatua ya 5: Kuhariri
Audacity ni ya bure. Faili za m4a (aina ambayo simu nyingi hurekodi) zikikataa kufunguka, weka FFmpeg, programu ya ziada inayoisaidia Audacity kuzisoma. Hamisha faili kwa waya. Kata makosa makubwa tu. "Aa" na "yaani" ziache, ndivyo watu wanavyozungumza.

Hatua ya 6: Kusikiliza
Darasa zima lisikilize, kisha kila kundi liwaulize wenzao swali moja ambalo jibu lake limo kwenye kipindi.